Ruti ya mashine 20: mauzo yapo, faida imeishia wapi?

Mwendeshaji wa kisa hiki ana mashine 20 za kuuzia bidhaa, zile ambazo mteja anaingiza sarafu au anagusisha kadi, springi inazunguka, pakiti inadondoka. Zimekaa kwa wateja 20 tofauti, wote biashara ndogo: gereji, kiwanda cha uchapishaji, ofisi za wahasibu, zahanati binafsi, karakana ya useremala, ghala. Gari ni moja, dereva ni mmoja, na dereva huyo ndiye mjazaji. Kila mashine inatembelewa mara moja kwa wiki. Siku nne ni za barabarani, vituo vitano kwa siku, na siku ya tano ni ya kununua mzigo, kupanga stoo na kuhesabu fedha. Mauzo yamekuwa yakipanda taratibu, lakini kila anapotaka kununua hata kisoma noti kipya, akaunti haina kitu. Ameanza kuamini kwamba dawa ni kuongeza mashine nyingine 10.

Niseme mapema kwamba mwendeshaji huyu nimemtunga na hesabu zake nimezipanga zifuatike kwa urahisi, kwa hiyo asizichukue mtu kama wastani wa biashara hii. Mitego aliyonasa ndiyo ya kweli. Na ili tusihangaike na sarafu ya nchi yoyote, mauzo ya ruti nzima kwa wiki tuyaite 1,000, kisha kila gharama tuipime kwa kipimo hicho hicho.

Daftari lake lilionyesha hivi. Katika 1,000 iliyoingia, 500 ilikwenda kununua bidhaa. Bidhaa zilizopitwa na tarehe, zilizopondeka au kupotea zilikula 40. Wenye maeneo walilipwa kamisheni ya asilimia 10 ya mauzo, yaani 100. Malipo ya kadi na simu, pamoja na ada ya vifaa vyake, yalichukua 30. Dereva 180, gari 70, matengenezo na vipuri 30. Jumla 950. Iliyobaki, 50, mwenyewe aliiita faida.

Hakuna mahali popote alipoziandika mashine zenyewe. Kwake zilikuwa "zimeshalipiwa", kwa hiyo hazigharimu kitu. Lakini mashine ina umri, kompresa yake ina umri, na siku ikifa lazima nyingine inunuliwe. Tukitenga 80 kwa wiki kwa mashine zote 20 kama fedha ya uchakavu, gharama zinafika 1,030. Kila wiki ruti inapoteza 30, na hasara hiyo inalipwa kimya kimya na mashine zinazozeeka. Ndiyo maana kisoma noti hakipatikani.

Kabla ya kuamini hata hiyo 1,000, ilibidi kuuliza imepimwaje. Alikuwa anahesabu fedha zilizotoka kwenye mashine, basi. Njia hiyo ina matundu mawili. La kwanza ni mirija ya chenji. Kifaa cha sarafu hujaza kwanza mirija yake ya kurudishia chenji, na kinachozidi ndicho kinachodondokea kwenye kisanduku cha fedha. Mashine mpya ikijazwa mirija kwa sarafu ulizokuja nazo wewe, hiyo ni akiba ya kufanyia kazi. Dereva akiikomba siku ya kukusanya, wiki hiyo mauzo yanaonekana makubwa, na wiki inayofuata mashine inawaka taa ya kutaka fedha kamili huku wateja wenye noti wakigeuka na kuondoka. Tundu la pili ni uaminifu, na sizungumzii wizi peke yake. Mifuko ya mashine tano ikimwagwa kwenye ndoo moja garini, hakuna awezaye kusema tena mashine ipi iliuza nini.

Dawa yake ni ya zamani na haina teknolojia ndani yake: kila mashine na mfuko wake wenye namba, mfuko haufunguliwi njiani, na anayehesabu fedha kule stoo si yule aliyekusanya. Kisha kiasi kinalinganishwa na kumbukumbu ya mashine. Mashine nyingi za sasa zina daftari la ndani linaloandika kila springi imezunguka mara ngapi, fedha taslimu kiasi gani, kadi kiasi gani. Taarifa hizo hutolewa kwa mfumo unaoitwa DEX, ambao watengenezaji wengi wanaufuata, kama vile mfumo mwingine wa pamoja, MDB, unavyowawezesha kuchomeka kisoma sarafu cha kampuni moja kwenye mashine ya kampuni nyingine. Mwendeshaji wetu alikuwa na visoma kadi vyenye kutuma taarifa kwenye mashine zote 20. Alikuwa analipia daftari ambalo halisomi.

Lilipofunguliwa, picha ilijigawa mafungu matatu. Mashine tano ziliuza 100 kila moja kwa wiki. Saba ziliuza kama 50 kila moja. Nane zilizobaki kwa pamoja ziliuza 150, yaani chini ya 19 kwa kila moja. Na zote 20 zilitembelewa sawasawa.

Gharama ya kusimama mara moja

Hapa ndipo kisa chote kilipo, na nitakaa hapa kidogo.

Katika kila 100 ya mauzo, gharama zinazotembea na mauzo yenyewe ni bidhaa 50, hasara ya bidhaa 4, kamisheni 10 na malipo ya kadi 3. Kinabaki 33. Hiyo 33 ndiyo inayolipa dereva, gari, matengenezo na uchakavu. Dereva na gari kwa wiki ni 250, vituo ni 20, kwa hiyo kusimama mara moja kunagharimu 12.5. Ukigawanya 12.5 kwa 0.33 unapata karibu 38. Kwa maneno mengine, gari likisimama mahali ambapo tangu ziara iliyopita mauzo hayajafika 38, ziara hiyo haijajilipa, hata kabla ya kuigusa mashine. Ukiongeza matengenezo na uchakavu, ambavyo ni 5.5 kwa mashine kwa wiki, mashine inayotembelewa kila wiki inahitaji kuuza kama 55 ndipo isimdai mtu.

Sasa rudi kwenye mafungu. Zile tano kubwa kila moja inabakiza 15 safi, jumla 75. Zile saba za kati kila moja inapungukiwa 1.5, jumla 10.5. Zile nane ndogo kila moja inazama kwa karibu 12, jumla 94.5. Toa: 75 kasoro 10.5 kasoro 94.5 ni hasara ya 30, ile ile.

Na hata hapo nimezipendelea ndogo. Ada ya kifaa cha kadi hutozwa kwa mashine, iwe imeuza au haikuuza, na mimi nimeigawa kwa asilimia ili hesabu iwe nyepesi. Kwa uhalisia mashine inayouza 19 inalipa ada sawa na inayouza 100.

Mpango wa kuongeza mashine 10 unafia hapa. Wateja wapya wa biashara ndogo wakifanana na wale nane, kila mashine mpya italeta 6 na kula 18. Mauzo yatapanda, mwenyewe atafurahi, na hasara itaongezeka kila wiki. Nimeona ushauri mwingi wa "ongeza mashine, wingi ndio siri ya biashara hii", na sikubaliani nao hata kidogo. Wingi unasaidia pale tu mashine mpya inapokaa kwenye njia ya gari iliyopo tayari. Mashine ya pili ndani ya jengo lile lile haihitaji kutafuta maegesho, haihitaji kusaini kitabu cha mlinzi, haihitaji safari. Hiyo ni biashara tofauti kabisa na mashine ya 21 upande wa pili wa mji.

Dakika zinaliwa wapi

Dereva alifuatwa siku nzima na mtu mwenye saa. Katika kituo cha kawaida, tangu injini izimwe hadi iwake tena, zilipita dakika 40. Kuingiza bidhaa kwenye springi kulichukua 9. Zilizobaki zilikwenda kwenye kuegesha, kujiandikisha getini, kumsubiri mwenye ufunguo, kufungua mashine, kutazama kipi kimepungua, kurudi garini kuchota bidhaa, kurudi ndani, kugundua amesahau maji, kurudi tena garini, kufuta kioo, kutoa fedha, kusikiliza malalamiko.

Safari mbili za kurudi garini hazina ulazima. Kifaa cha kadi tayari kilishatuma idadi ya kila springi usiku uliopita. Stoo wangeweza kuandaa kreti moja kwa kila mashine, yenye vitu vile tu vilivyouzwa, na dereva akaingia mara moja tu akiwa na kreti yake. Kazi hiyo ya kuandaa kreti ina gharama, kwa sababu lazima mtu aifanye. Lakini stoo hakuna maegesho wala mlinzi, na mtu anaandaa kreti tano mfululizo bila kuinua kichwa.

Kingine kilichoonekana siku hiyo: bidhaa mpya zilikuwa zinawekwa mbele. Mashine ya springi hujazwa kwa mbele, na mkono wa mtu mwenye haraka huweka kile alichoshika pale penye nafasi, mbele kabisa. Matokeo yake pakiti za zamani zinasukumwa nyuma na zinaendelea kuzeeka wakati mpya zinauzwa. Ukitaka ya zamani itoke kwanza ni lazima uitoe, uweke mpya nyuma, uirudishe mbele. Ni kazi ya kuchosha. Ile 40 ya hasara ya bidhaa sehemu yake kubwa ilikuwa hapo, pamoja na springi za bidhaa zisizopendwa ambazo dereva alizijaza kwa kuwa tu zilikuwa na nafasi.

Springi huisha, mashine haiishi

Kwa nini mashine za kati na ndogo zilikuwa zinatembelewa kila wiki? Kwa sababu wateja walipiga simu. Chukua ile ya gereji, mojawapo ya zile za kati. Ina springi 30, kila moja inabeba kama vitu 12, kwa hiyo ikijaa ina vitu 360. Inauza vitu 45 kwa wiki. Kwa hesabu ya juu juu ingekaa wiki nane bila kuguswa. Lakini siku ya nane tu mafundi walikuwa wanalalamika kwamba mashine "haina kitu".

Walikuwa na haki yao. Bidhaa moja, chokoleti yenye karanga, iliuza vipande 11 kwa wiki. Ya pili iliuza 8, ya tatu 6. Bidhaa 27 zilizobaki ziligawana 20. Springi ya chokoleti ilikuwa inakauka wiki ya pili inapoanza, na kwa fundi anayetaka chokoleti hiyo, mashine yenye vitu 300 ni tupu. Tarehe ya gari kurudi ilikuwa inapangwa na springi moja.

Mabadiliko yalikuwa ya nusu saa. Chokoleti ikapewa springi tatu, ya pili na ya tatu zikapewa mbili mbili. Ziliongezeka springi nne, na ili zipatikane zikaondolewa bidhaa nne zilizokuwa haziuzi hata kipande kimoja kwa wiki. Sasa katika wiki mbili chokoleti inahitaji 22 na ipo 36. Ya pili inahitaji 16 na zipo 24. Ya tatu inahitaji 12 na zipo 24. Gari likaanza kwenda kila baada ya wiki mbili. Mauzo ya wiki yalishuka kidogo sana, kutoka 50 hadi kama 48, kwa sababu kuna siku kitu fulani kiliisha mapema. Ziara zilipungua nusu.

Wengi huogopa kupunguza aina za bidhaa wakidhani mteja anataka uchaguzi mpana. Kwenye eneo lenye watu 25 ambao ni wale wale kila siku, uchaguzi mpana ni mapambo. Watu 25 wana mazoea, na mazoea yao yameandikwa ndani ya mashine.

Kuna jambo la kiufundi la kuangalia wakati wa kubadili mpangilio huo. Springi hazilingani: zenye mizunguko michache hubeba vitu vinene, zenye mizunguko mingi hubeba vyembamba. Ukiweka pakiti nene kwenye springi yenye nafasi finyu inabanwa, haidondoki, na mteja anapiga kioo. Mashine zenye miale ya kuhisi kitu kinapoanguka huzungusha tena au kurudisha fedha. Zisizo nayo zinakula fedha ya mtu na kukuachia ugomvi. Kwa hiyo kuongeza safu ya bidhaa inayouzika wakati mwingine ni kubadilisha springi yenyewe, na kuijaribu mara kadhaa mlango ukiwa umefungwa kabla ya kuondoka.

Nane ndogo hazikuondolewa zote

Rahisi ingekuwa kuchora mstari: kila iliyo chini ya 38 iondoke. Hesabu ya wastani inadanganya hapa. Ile 12.5 ni wastani wa vituo vyote, na hakuna kituo hata kimoja kinachogharimu wastani.

Katika zile nane, tatu zilikuwa kwenye ua mmoja na wateja wakubwa, au mlango wa jirani. Moja kati ya hizo ndiyo iliyokuwa inauza kidogo kuliko zote kwenye ruti. Lakini gari lilikuwa linaegeshwa hapo hapo kwa ajili ya jirani, na kuingia kwa huyo mdogo kulikuwa ni kuvuka ua. Hizo tatu zilibaki, zikapangiwa ziara moja kila wiki nne, na kamisheni ikaondolewa.

Tatu nyingine zilikuwa pembezoni, kila moja na safari yake. Hizo zilitolewa. Mazungumzo hayakuwa magumu kama mwendeshaji alivyohofia. Wenye biashara ndogo wanajua hasara inavyofanana. Ukimwekea mtu wa karakana namba mezani, kwamba mashine imeuza hiki na kuja hapa kunagharimu hiki, anaelewa haraka kuliko meneja wa kampuni kubwa. Wawili kati yao walipewa pendekezo jingine: wanunue maboksi ya soda, maji na biskuti kwa ankara, wayaweke kwenye jokofu lao, dereva awashushie siku akiwa upande huo. Bila mashine, bila sarafu. Nadhani wateja wengi wenye watu kumi au kumi na mbili walistahili huduma hiyo tangu mwanzo.

Mbili zilizobaki zilikuwa za zahanati na ofisi ya wahasibu, ambao walitaka mashine ibaki kwa sababu wafanyakazi hawapati muda wa kutoka nje. Hapo mashine ni huduma kwa wafanyakazi, na huduma ina mlipaji. Walikubali ada ya 4 kwa wiki kila mmoja, kamisheni ikafutwa, na gari likawa linafika kila wiki mbili. Ada hiyo inashuka kadiri mauzo yanavyopanda, hadi sifuri. Sharti hilo lilikuwa la lazima kwenye mkataba. Mteja asione anaadhibiwa mara mbili kwa wafanyakazi wake kupenda kununua.

Zile mashine tatu zilizotolewa hazikukaa bure. Moja ilihamia kwa mteja mkubwa kama mashine ya pili, moja ikauzwa, moja ikabaki stoo kwa ajili ya vipuri.

Kamisheni na bei

Asilimia 10 kwa kila mtu ilikuwa mazoea tu. Mashine inayouza 19 kwa wiki inamlipa mwenye eneo 1.9. Fedha hiyo haimsaidii kitu; kwa mashine ya baridi inayofanya kazi saa 24, huenda haifiki hata umeme inaokula. Ila kwa mwendeshaji ni fedha ambayo ingeongezeka kwenye ile 33 yake. Wateja wa kati walipoulizwa wachague kati ya kamisheni na bei nafuu kwa wafanyakazi, karibu wote hawakujali kamisheni. Waliokaa kwenye asilimia 5 waliridhika. Wakubwa watano waliachwa kwenye 10, maana hao wanatafutwa na washindani na hakuna haja ya kuwachokoza. Sharti moja likaongezwa kwa wote: kamisheni inahesabiwa baada ya kutoa kodi ya mauzo. Kulipa kamisheni juu ya fedha ambayo ni ya serikali ni kosa dogo linalojirudia kila mwezi.

Bei hakuigusa, na hapo mimi namlaumu. Angalia hesabu. Bei ikipanda kwa asilimia 5, kila 100 inakuwa 105. Bidhaa bado ni 50, hasara 4, kamisheni 10.5, kadi 3.15. Kinabaki 37.35 badala ya 33. Hata vitu vinavyouzwa vikipungua kwa asilimia 11, bado hajapoteza. Kwenye maeneo ambako mfanyakazi hana duka karibu, sidhani kushuka huko kungetokea. Hoja yake ilikuwa kwamba bei mpya inaleta sarafu ndogo ndogo na mirija ya chenji itaishiwa. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu wakati wa sarafu tupu. Mashine zote 20 zinapokea kadi na simu.

Baada ya mabadiliko

Wakubwa watano walikuwa wanaishiwa bidhaa siku ya tatu au ya nne baada ya kujazwa, na hakuna aliyegundua kwa sababu mashine iliyouza 100 inaonekana nzuri. Sasa wanatembelewa mara tatu kila wiki mbili, mmoja wao ana mashine ya pili, na kwa wastani kila mteja amefika 115. Wa kati saba wanatembelewa kila wiki mbili. Watano wadogo waliobaki ni kama nilivyoeleza. Jumla ya vituo kwa wiki imeshuka kutoka 20 hadi 12.75.

Mauzo: 575 kwa wakubwa, 336 kwa wa kati, 90 kwa wadogo. Hiyo ni 1,001. Pale pale. Ongeza ada 8, ni 1,009.

Gharama: bidhaa 500, hasara ya bidhaa imeshuka hadi 20, kamisheni 74, kadi 29, dereva 144, gari 56, matengenezo 30, uchakavu 76 kwa mashine 19, ile ya stoo ikiwemo. Jumla ni kama 929 na ushee. Kinabaki 79, mahali palipokuwa na hasara ya 30.

Mstari wa dereva ndio wa kuangalia kwa macho mawili. Umeshuka kutoka 180 hadi 144 kwa sababu sasa ruti inahitaji siku nne: tatu barabarani, moja stoo kuandaa kreti na kununua mzigo. Hiyo inakuwa akiba pale tu siku ya tano inapopata kazi nyingine. Dereva akiendelea kulipwa siku tano huku moja anakaa kwenye kivuli, 36 inarudi kwenye gharama na faida inabaki 43. Kupunguza ziara kwenye karatasi hakushushi mshahara wa mtu anayelipwa kwa wiki. Hapa siku ya tano ilitumika kushusha maboksi ya wale wateja wa jokofu na kufanya matengenezo ambayo zamani alikuwa analipwa fundi wa nje. Faida ya kazi hizo sijaiingiza humu.

Ziara chache zimeleta hatari ambayo haikuwepo. Mashine ya baridi ikifa siku moja baada ya dereva kuondoka, sasa kwenye kituo cha wiki mbili inaweza kukaa siku 13 bila mtu kujua, isipokuwa kifaa kitume taarifa ya joto au mteja apige simu. Kwa soda na biskuti hilo ni usumbufu. Kwa vyakula vinavyoharibika lingekuwa jambo la afya za watu, na kanuni za chakula za Marekani, kwa mfano, zinataka mashine ya vyakula vya namna hiyo ijifungie mauzo yenyewe baridi ikishindwa. Mwendeshaji alikuwa ameanza kufikiria sandwichi kwa wale wa kati. Kwa ruti ya wiki mbili, hapana.

Kilichobaki wazi ni uzito wa wale watano. Mteja mmoja mkubwa sasa anabakiza kama 40 kwa wiki kabla ya dereva, gari, matengenezo na uchakavu. Akiondoka mmoja, nusu ya faida imekwenda, kwa sababu gari litaendelea kupita barabara ile ile kwa ajili ya wengine. Wakiondoka wawili, faida yote imekwenda. Mikataba yao ya zamani ilikuwa ya mdomo kwa watatu, na kwa wawili ilikuwa karatasi isiyotaja muda wa notisi. Anaziandika upya kwa ukurasa mmoja: notisi ya siku 60, saa ambazo dereva anaruhusiwa kuingia, nani analipa mashine ikivunjwa, na tarehe za kuisha zisizoangukia zote mwezi ule ule. Wanne wameshasaini. Wa tano anataka kamisheni ipande hadi 15 ndipo asaini, na kwa hesabu za hapo juu hiyo ni karibu 6 kwa wiki kutoka kwenye 40. Mwendeshaji amemjibu kwa kumpa 12 pamoja na mashine ya pili.